Masikio ya Kapinga

Mulekera, Beni, tarehe 9 Septemba 2002

Mkubwa wangu Mathe,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukishaitikia, kaa chini usome polepole, maana karatasi hii ndiyo ya mwisho katika daftari la Mukendi na sitaandika mara mbili.

Sisi tupo. Mume wangu Mukendi anakusalimia. Bado anafundisha darasa la sita, na serikali iliyomtoa Mbuji-Mayi ili aje kutufundishia watoto iko upande wa pili wa vita, sidhani hata inakumbuka kwamba ilimtuma. Wazazi humletea ndizi na maharagwe, naye husahihisha madaftari kwa bidii ileile akiwa amevaa tai. Mimi niko sokoni na vitunguu vyangu vinapofika. Visipofika niko sokoni na meza.

Mwambie shemeji Emérence kitenge chake kimenifikia salama. Kina tundu moja tu, la askari wa barrière, kizuizi cha barabarani, aliyekichoma kisu ili ahakikishe kwamba hakikufunga bunduki.

Sasa neno lenyewe. Ni Kapinga. Mpwa wako ametimiza miaka saba na bado sauti kubwa inamwangusha chini. Shuleni kengele yao ni rimu ya lori inayopigwa kwa nondo, kwa hiyo alisoma siku moja tu. Mvua ikinyesha kwenye mabati, ndege ikishuka Mavivi, ngoma zikianza kwenye misa, anaziba masikio na kupiga mayowe, na mayowe yake yanashinda hicho kilichomtisha. Tumempaka mafuta ya kubarikiwa. Tumemziba masikio kwa pamba. Mama mmoja hapa jirani alituambia tumzoeshe kwa kumpigia sufuria sikioni kila asubuhi, nami nikamshukuru na kumtoa nje.

Masœur Florentine, mtawa wa parokia yetu, anasema huko Butembo kuna daktari anaitwa Ananie, amerudi kutoka Ubelgiji na mashine ya neurofeedback. Jina lenyewe linasikika kama dawa ya minyoo, lakini anasema hakuna sindano wala kidonge. Wanabandika nyaya kichwani kwa mtoto, mtoto anaangalia ndege ndogo kwenye kompyuta. Ubongo ukitulia ndege inapanda, ubongo ukishtuka ndege inashuka. Mtoto anajifunza mwenyewe kuipandisha, na ubongo unajifunza pamoja naye. Nenda umwone. Umwombee nafasi haraka, kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Usiniulize kwa nini haraka.

Mdogo wako,
Kyakimwa


Butembo, tarehe 3 Oktoba 2002

Mdogo wangu Kyakimwa,

Milele, amina. Barua yako imetembea wiki tatu na siku tatu. Kutoka kwako mpaka kwangu ni kilomita hamsini na nne. Ungenitumia mtu anayetambaa kwa magoti angefika mapema na angekuwa ameungama njiani. Dereva wa lori aliniambia alilala kwenye barrière tisa, na kila mahali barua ilifunguliwa, ikasomwa, ikafungwa. Kwa hiyo askari wote wa barabara hii wanamsalimia Kapinga na wanamtakia ndege ipande.

Tena barua ilinuka vitunguu hata Emérence akadhani nimeleta mboga. Nakutumia sabuni tatu za manukato kutoka Dubai. Osha mikono kabla ya kuniandikia, mimi ni mfanyabiashara anayeheshimika.

Hapa tuko wazima. Mama amepona mguu na sasa anautumia kunifuata mpaka dukani kunigombeza. Biashara inakwenda. Kontena ya jenereta ilifika kupitia Kampala, na tangu hapo sijui mtaa wetu ulikuwa unalia namna gani zamani. Kinyozi ana jenereta yangu. Duka la dawa lina jenereta yangu. Padri ana jenereta yangu. Ukisimama mlangoni kwangu unasikia mafanikio yangu yote kwa wakati mmoja.

Nimemwona daktari Ananie. Ni kijana mwembamba, kwao ni Lubero, anasema polepole kama mtu anayelipia kila neno. Ametaka vitu viwili tu: umeme na ukimya. Nilicheka mpaka akanipa maji. Katika Butembo hii, Kyakimwa, umeme na ukimya havijawahi kukaa chumba kimoja. Lakini amekubali kumpokea, mara mbili kwa wiki, naye hajawahi kumtibu mtoto wa hapa kwa mashine hiyo. Ameniambia wazi kwamba haahidi kupona. Anaahidi kujaribu. Nilimpenda kwa hilo, nikampa jenereta mpya, kubwa kuliko zote, bila yeye kuniomba.

Sasa nakuuliza, na askari wasome vizuri hapa. Mtoto huyu alilia siku ya ubatizo wake mpaka padri akamwaga maji nje ya kichwa, na wewe ukacheka, ukasema ana masikio ya kiaskofu. Miaka saba umecheka. Leo unataka haraka kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Kumetokea nini?

Mkubwa wako,
Mathe


Mulekera, tarehe 21 Oktoba 2002

Mkubwa wangu Mathe,

Sabuni zimefika mbili. Ya tatu inanukisha barrière. Asante.

Habari za nyumbani ni nzuri. Watu wanaokimbia vita upande wa Mambasa wanaendelea kufika, parokia imejaa, na shule ya Mukendi imegeuka kuwa bweni, kwa hiyo anafundisha chini ya mti wa parachichi na parachichi zinamwangukia. Anasema zinasaidia kwenye somo la hesabu.

Nakuletea Kapinga kwa mkono wa Masœur Florentine, ambaye hakuna askari anayethubutu kumfungulia mkoba. Sikiliza, maana wewe ni mtu wa kelele. Asilale chini ya mabati, mlaze kwenye nyumba ya jiko ya Mama yenye paa la nyasi. Usimwite kutoka mbali. Ukitaka kupiga chafya mwambie kwanza. Anapenda viazi vya kuchoma, na anapenda kukaa karibu na mtu asiyesema. Huko kwenu sijui mtampata wapi.

Kuhusu swali lako: mvua imenyesha vizuri mwaka huu na maharagwe yameota.

Mimi siji. Vitunguu vinanihitaji.

Mdogo wako,
Kyakimwa


Butembo, tarehe 18 Novemba 2002

Mdogo wangu Kyakimwa,

Nafurahi kusikia habari za maharagwe. Nilikuwa sijalala kwa kuyawaza.

Binti yetu alifika mzima, na Masœur anasema njiani hakulia hata mara moja kwa kuwa alimfunika kwa kanzu yake kama kifaranga. Mama amempa jiko lote. Sisi sasa tunapika nje, kwenye mvua, kwa furaha.

Nikuambie habari za matibabu, nawe usicheke, au cheka, mimi nimezoea. Siku ya kwanza tulimkalisha Kapinga kwenye kiti, Ananie akambandika nyaya kwa ile dawa nzito ya kunata, mtoto akavumilia vizuri kabisa. Kisha nikatoka kwenda kuwasha zawadi yangu. Jenereta iliwaka mara moja, na ndege haikuwahi kuonekana kwenye kompyuta, maana Kapinga alikuwa chini ya meza na nyaya zote na kompyuta nusura imfuate. Nilisimama pale uani nikiwa na kamba ya kuwashia mkononi. Mimi mwenyewe niliileta mashine ya kelele ili itibu kelele. Daktari msomi hakuliona hilo, na mimi ninayeziuza tangu miaka sita sikuliona.

Aliyeliona ni Emérence. Alikuja kumchukua mtoto, akaniangalia, akasema, "Gari yako si iko na batiri? Juu ya nini batoto bateseke sababu ya biashara yako?" Tangu siku hiyo tunachaji batiri ya gari jana yake, na kompyuta inakula hiyo batiri bila kusema neno.

Lakini bado ulikuwepo mtaa. Jenereta ishirini na mbili, zote nimeuza mimi, zote nimewahakikishia wenyewe kwamba hazizimiki. Nilipita mlango kwa mlango kuwaomba wazizime, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nne, dakika arobaini. Kinyozi aliniuliza kama ninaumwa. Mwenye kinu aliniuliza kama nimeokoka. Wakakubali, wengine kwa ajili ya mtoto, wengine kwa kutaka kuniona nikiomba.

Jumanne, saa nne kamili, mtaa ukanyamaza. Unajua kilichofuata? Watu wakakimbia. Sisi wa hapa tangu lini tunasikia ukimya mchana, kama si askari wanakuja au si siku ya ville morte, mgomo ambao kila duka linafungwa kwa hasira? Mtaa wa pili wakateremsha milango ya chuma. Wamama wakabeba masufuria. Chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilipita mbio na mtu juu ya magunia, hata sijui nani alikuwa anaisukuma. Kabla sijamaliza kuwaeleza watu wa kona moja, wa kona ya pili walikuwa wameshafika kwenye kilima. Nilikuwa peke yangu barabarani nikipunga mikono, na nadhani hilo ndilo lililowaogopesha zaidi.

Ndani, madirisha yamezibwa kwa magodoro yangu, Kapinga hakusikia lolote. Ndege yake ilipanda dakika tatu. Alipotoka akakuta mji mtupu na milango imefungwa, akaangalia huku na huku, akaniambia mimi mjomba wake, "Noko, Butembo ni muzuri."

Sasa watu wamezoea. Wanaita "saa ya Kapinga". Alhamisi mwenye kinu alimfukuza mteja aliyekuja na redio.

Kuna jambo moja. Kabla ndege haijapanda, Kapinga anaweka kiganja chake juu ya kinywa, anabana sana, mpaka vidole vinaacha alama mashavuni. Akibana hivyo ndege inapanda. Akiondoa inashuka. Ananie amemuuliza ni nani alimfundisha, naye anageuka kuangalia ndege yake. Wewe unajua?

Mkubwa wako,
Mathe


Butembo, tarehe 20 Desemba 2002

Mdogo wangu Kyakimwa,

Madereva watatu wamefika kutoka Beni. Wameleta salamu za kila mtu isipokuwa zako. Mmoja ameleta gunia la vitunguu vyako, kwa hiyo barabara iko wazi, mikono yako ni mizima, na karatasi naamini bado zinauzwa.

Noeli njema. Kapinga aliingia kanisani Jumapili, akakaa mlangoni, akastahimili nyimbo mbili na ngoma moja. Ndege inafika dakika tisa. Bado anabana kinywa.

Nilikuuliza swali, mkanyamaza, wewe na maharagwe yako. Kama nimekukosea sema. Kama ni Mukendi sema. Mtoto anauliza utakuja lini na mimi nimemaliza uongo wote niliokuwa nao.

Mathe


Mulekera, tarehe 14 Januari 2003

Mkubwa wangu Mathe,

Tumsifu Yesu Kristo. Mukendi ni mzima, hajanikosea kitu, na hajui ninachokuandikia. Barua hii Masœur Florentine anaileta mwenyewe, kwa hiyo askari hawataisoma. Wapumzike kidogo.

Mwezi wa nane, asubuhi saa nne, risasi zilianza upande wa Mavivi. Mukendi alikuwa mjini. Nilimbeba Kapinga tukakimbilia shamba la kahawa la jirani yetu Manassé. Tulikuwa watu kumi na saba, tukalala chini. Askari wakapita njiani karibu kabisa, sijui walikuwa wa nani, siku hizi hatuulizi. Risasi zikalia tena, na Kapinga akaanza.

Manassé alinigeukia. Si mtu mbaya. Alisema polepole, "Mama Kapinga, nyamazisha mutoto, ao uende naye kule." Kule ndiko walikokuwa askari. Nilihesabu watoto wengine waliolala pale, walikuwa saba.

Nikamziba kinywa. Mkono wangu ni mpana na uso wake ni mdogo, nikaziba na pua. Alipiga mateke. Kisha akaacha kupiga mateke. Mathe, nilijua kwamba ameacha, na mkono sikuuondoa. Niliuacha pale mpaka askari wa mwisho apite, na nilikuwa naangalia viatu vyao, sikumwangalia mtoto wangu. Nilipouondoa alikuwa amelegea kabisa. Akakaa hivyo kwa muda ambao sitaki kuusema, kisha akavuta pumzi.

Wote walinishukuru. Manassé aliniletea kuku. Tulimla Jumapili, alikuwa mnono.

Sasa unajua haraka yangu ilikuwa ya nini. Nilisema shule, rimu, ngoma. Shule naijali, ndiyo. Lakini niliitaka ile mashine ili risasi zikirudi, na watu walisema zitarudi kufikia Noeli, mtoto asilie, na mkono huu usipate kazi tena. Nawe ukaniandikia kwamba mbele ya mashine anabana kinywa mpaka alama. Nilisoma mstari huo nimesimama sokoni. Nikajua kwamba mtoto amemwonyesha daktari mamaye alivyomfanya, kila Jumanne na kila Alhamisi.

Naosha mkono kwa sabuni yako ya Dubai asubuhi na jioni. Imebaki kipande.

Nakuomba mambo mawili. Msimwache abane kinywa tena, hata ndege ianguke. Na abaki kwenu. Vita bado viko karibu nasi, na nikiwa naye shambani siku nyingine nitafanya vilevile, najijua. Emérence ni mama mzuri. Mwambieni mimi niko na vitunguu.

Kyakimwa


Butembo, tarehe 9 Februari 2003

Mdogo wangu Kyakimwa,

Milele, amina.

Nilisoma barua yako nyuma ya duka, kati ya makasha, na nililia, na mteja mmoja akaniona, na sasa mtaa mzima unasema jenereta zangu zimekataliwa mpakani. Kwa hiyo umenitia hasara pia. Emérence nimemwambia. Mama sijamwambia, na sitamwambia.

Maombi yako nimeyapokea. La kwanza sikulitimiza. Sikumzuia mtoto mkono. Nilimpelekea Ananie habari hiyo, bila jina la mtu, naye akasema, polepole kama kawaida yake, tusimkataze wala tusibahatishe, tumuulize, tena tumuulize akiwa ametulia. Alhamisi iliyopita ndege ilipanda dakika kumi na nne. Jenereta zote zimezimwa, mwenye kinu amekaa mlangoni analinda ukimya kwa fimbo. Nilikuwa nimeketi pembeni. Ananie akamuuliza, "Kapinga, ule mukono pa kinywa ni ya nani?"

Nilikuwa tayari kutoka nje. Nakuambia kweli, nilikuwa nimeshasimama.

Akasema, "Ni ya mama."

Ananie akamuuliza ule mkono unafanya nini. Nimeyaandika maneno yake palepale kwenye risiti ya duka, ili usidhani nimeyapamba, maana unanijua.

"Kule kwa kahawa makelele ilikuwa mingi. Mukono ikakuja. Pumuzi ilipotea kidogo, niliogopa. Lakini ilikuwa inanuka bitunguu, nikajua ni mama, hapana askari. Kisha makelele ikaisha, batu bote bakanyamaza, na ile baaskari bakapita. Sasa nikitaka makelele iishe, ninaweka mukono. Lakini yangu hainuki."

Sikuambii kwamba hakuumia. Amesema mwenyewe, aliogopa na pumzi ilipotea, analikumbuka na atalikumbuka. Ananie anasema hilo nalo lina matibabu yake, ya kuongea, tena linamhitaji mama awepo. Lakini miezi sita wewe umekuwa ukiuogopa mkono huo, na mtoto amekuwa akiutafuta. Kila Jumanne na kila Alhamisi, mtaa mzima umezimwa, yeye anautafuta kwenye kiganja chake na haupati.

Ombi la pili pia nakataa. Nimemwambia uko na vitunguu, kama ulivyoagiza. Akajibu kwamba vitunguu vinafika kila wiki, kwa nini mwenye vitunguu hafiki. Jibu ni lako. Wewe ukifika utampa.

Barua hii anakuletea Salomon, dereva wangu, na lori lake linaondoka Beni Jumatatu inayofuata, asubuhi. Nimemwambia akungojee sokoni mbele ya meza yako na asiondoke bila wewe, hata ikibidi akubebe na meza. Mukendi aje na tai yake, hapa kuna shule zenye paa. Tutazungumza kama mnarudi au mnabaki.

Kipande cha sabuni kilichobaki mpe Mukendi anukie. Wewe Jumatatu asubuhi menya vitunguu vyako kama kawaida, kisha panda lori bila kunawa mikono.

Mkubwa wako,
Mathe